Bakuli Lililooshwa Mara Thelathini

"Kwako hakuna vumbi, mama," alisema yule binti mpimaji, akaigeuza karatasi yake ili mwenyeji aione.

Mama Bluu alikuwa ameng'ata vibanio vitatu vya nguo, anaanika foronya. Alivitoa mdomoni kimoja kimoja, akavitumbukiza mfukoni, ndipo akacheka. Alicheka mpaka akaishika kamba asianguke, na foronya kumi na mbili za watu zikachezacheza naye.

"Hebu rudia, mwanangu. Rudia taratibu, wifi yangu naye asikie."

Wifi yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakunja taulo. Hakuhitaji kurudiwa. "Amesema kwako hakuna vumbi. Basi lile ninalolifagia kila asubuhi ni unga. Niletee maji tukande mikate."

Mtaani hapo hakuna aliyemwita Mama Bluu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa dobi kwa miaka ishirini na miwili, na ile bluu ya kung'arishia nguo nyeupe ilikwisha kumwingia kwenye kucha, haitoki hata akisugua. Uwanja wake ulikuwa na kamba tisa, karo mbili za saruji, pipa la maji na banda la kupigia pasi. Kazi yake kubwa ilikuwa mashuka ya nyumba za wageni. Mtu akilala kwenye shuka lililopita mikononi mwa Mama Bluu, alidhani limetoka dukani jana.

Nyuma ya uwanja huo, hatua nane tu kutoka kamba ya mwisho, ulisimama uzio wa mabati. Ndani ya uzio kampuni ilikuwa inajenga maghorofa ya kupangisha. Kazi ilianza miezi minane iliyopita kwa kubomoa maghala ya zamani, na tangu siku hiyo Mama Bluu alikuwa anafua mara mbili: mara ya kwanza uchafu wa wageni, mara ya pili uchafu wa kampuni. Hakumwambia mteja hata mmoja. Alijikaza kisabuni, akawa anaamka mapema zaidi, basi.

"Mimi sisemi kwa kubuni," alisema mpimaji. Alikuwa msichana mwembamba mwenye viatu vizito vya kazi na kalamu mbili nyuma ya sikio, na alizungumza kama mtu aliyezoea kusikilizwa. "Niliweka mabakuli matano kuzunguka ujenzi, siku thelathini. La chekechea, la fundi viatu, la zahanati, la gesti kubwa, na la kwako. Vumbi lililoanguka ndani yake nimelikausha, nimelipima kwenye mizani. Fundi viatu amepata mia moja na hamsini. Wewe umepata nne."

"Nne nini?"

"Nne. Karibu na sifuri."

"Na hiyo sifuri inanidhuru nini? Si sifa hiyo?"

Mpimaji alisitasita, akaikunja karatasi. "Ndiyo maana nimekuja kabla ya ripoti kusomwa. Kampuni inataka kusimamisha mtambo wa kuchanganyia zege. Zege la maghorofa yote litatoka hapo, miaka miwili, kila siku saruji, mchanga na kokoto. Kuna sehemu mbili ambapo mtambo unaweza kukaa. Moja ni upande wa pili, kwenye uwanja mtupu wa maghala. Ya pili ni hapa." Akanyoosha kidole kwenye mabati. "Na taratibu zinasema mtambo uende kule ambako hewa bado ina nafasi, ili asiyelemewa ndiye abebe kidogo. Ijumaa saa kumi naisoma ripoti mbele ya Injinia wa kampuni. Jumatatu mtambo unakuja. Sasa bakuli lako limesema nafasi iko kwako."

Kicheko kilimkauka Mama Bluu. Saruji aliijua. Vumbi la udongo hutoka kwa maji, lakini saruji ikitua kwenye shuka bichi hushika kama imebandikwa, na ukisugua unatoboa. Mtambo ukikaa nyuma ya mabati yale, hakutakuwa na kufua mara mbili wala mara tatu. Kutakuwa na kufunga karo, kukunja kamba tisa, na kwenda kuomba kazi kwa watu akiwa na miaka hamsini na minne.

"Kuna kitu hakiko sawa," mpimaji aliendelea, kama anayejisemea. "Wewe ndiye uliye karibu kuliko wote, tena upepo wa mchana unakuja huku. Bakuli lilikuwa chini ya paa? Kuna mti uliolikinga?"

Alikwenda mwenyewe kwenye kona ya uwanja. Kile chuma kirefu chenye bakuli jeupe kileleni kilikuwa bado kimesimama. Jumamosi alichukua maji yaliyokuwemo, bakuli akaliacha kulifuata baadaye. Alipanda juu ya ndoo iliyofunikwa, akachungulia. Bakuli liling'aa. Aliona kope zake ndani yake.

"Umeona?" Mama Bluu alisema kwa fahari. "Sijakuangusha, binti yangu."

Mpimaji aligeuka polepole. "Mama. Hili bakuli umelifanya nini?"

"Nimeliosha."

"Leo?"

"Leo, jana, juzi, na kabla ya juzi. Siku zote ulizoniachia. Siku ya pili tu nilichungulia nikakuta maji yamekuwa matope. Nikasema, aa, huyu binti wa watu akija akute chombo chake hivi, atanionaje? Chombo cha mgeni kilale kichafu kwangu mimi? Nikamwaga, nikapiga sabuni ya unga na dodoki, nikasuuza maji mawili, nikajaza mengine safi. Tena nilijaza mpaka pale pale kwenye alama. Sikupunguza hata tone."

Mpimaji alishuka, akaigeuza ndoo, akaikalia. Akaweka mikono miwili kichwani. Mama Bluu alidhani anaumwa, akamwita wifi alete maji ya kunywa. Kumbe binti anacheka, ila ni kicheko cha mtu aliyekanyaga msumari.

"Mama, ule uchafu ndio niliokuwa nautafuta."

Taulo lilisimama hewani mikononi mwa wifi.

"Wifi yangu," alisema hatimaye, "umewasafishia kampuni hewa mwezi mzima bila hata asante. Kesho nenda kaombe kofia ngumu."

Mama Bluu alilitazama bakuli, akayatazama mabati, akalitazama bakuli tena. Mtu mwingine angelia, au angeanza kumlaumu mtoto wa watu. Yeye alikuwa na desturi moja: kitu kikiharibika kwenye karo, hulitafuti jina la aliyeharibu, unatafuta maji.

"Ungeniambia, mwanangu."

"Kosa ni langu," mpimaji alikubali bila kupindisha. "Wale wanne walikuja mkutanoni, niliwaeleza. Wewe hukuja, nikakuletea bakuli mbio mbio, nikasema tu ndege wasinywe. Nitaandika kwamba la kwako limeharibika. Lakini nikiandika hivyo utabaki huna namba kabisa, na Injinia atasema asiye na namba hana la kupinga. Michoro ameshaichora. Kupima upya ni siku thelathini."

"Leo Jumatatu. Tuna ngapi?"

"Tukitoa Ijumaa ya kupima kwenye mizani, tuna tatu."

"Bakuli hili lina upana gani?"

"Upana wa sahani, mama."

Mama Bluu aliingia bandani, akatoka na shuka jeupe la kitanda kikubwa, akalitandaza juu ya meza ya kunyooshea. Akalichukua bakuli kutoka kwenye chuma chake, akaligeuza kifudifudi, akaliweka kwenye pembe ya shuka. Akalisogeza. Akalisogeza tena, huku akihesabu kwa sauti. Kwa upana yakaenea mabakuli saba. Kwa urefu yakaenea kumi na moja.

Mpimaji alishachomoa kalamu. "Sabini na saba," alisema, na macho yakamtoka. "Sabini na saba kwa siku moja. Mara tatu..." Akaandika, akaangalia tena alichoandika. "Siku tatu za shuka moja ni zaidi ya miezi saba ya bakuli."

"Mimi sikusoma sana," alisema Mama Bluu, "lakini shuka nalijua. Unataka vumbi, nitakupa vumbi."

Hapo wakaanza kubishana kama watu waliofanya kazi pamoja miaka kumi. Mama Bluu alitaka mashuka yaning'inie kwenye kamba kama kawaida ya mashuka. Mpimaji akakataa: bakuli linatazama juu, basi shuka nalo litazame juu, lifungwe pembe nne kwenye miti minne.

"Kama kitanda cha nani hicho, kinachotandikwa hewani?" wifi aliuliza.

"Cha Injinia," alijibu Mama Bluu. "Aje alale aone."

Mpimaji akataka mashuka matano, sehemu zote tano, siku zile zile, ili kila moja lilinganishwe na bakuli lake. Mama Bluu akasema sita.

"La sita la nini?"

"La sita linakaa kabatini. Shuka lina nyuzi zake. Ukilisuuza hata likiwa safi, linatoa manyoya. Utayahesabu manyoya yangu kuwa vumbi la kampuni? Watu watatucheka. Pima na hilo la kabatini, kisha ulichopata ukitoe kwenye mengine."

Binti akafungua ukurasa mpya. "Hilo nilipaswa kulisema mimi," akasema, akaliandika, akalipigia mstari chini.

Kisha akampigia simu Injinia hapo hapo, wote wakisikia, akamweleza kila kitu: bakuli, sabuni, dodoki na mashuka. Upande wa pili kulikuwa na kelele za mashine, halafu cheko refu la mwanamume. "Tandikeni mashuka yenu," sauti ilisema. "Nitamleta nyapara wangu ashuhudie, msije mkasema hakuna aliyeona. Ila Ijumaa saa kumi nataka namba, sitaki hadithi."

"Namba atapata," alisema Mama Bluu.

Jumanne jua lilipochomoza, mashuka matano yaliyofuliwa kwa maji ya pipa moja yalikuwa yametandazwa kuzunguka ujenzi. Sharti lilikuwa moja tu, mpimaji alilirudia kila alipokwenda, na kwa Mama Bluu alilirudia mara tatu akiwa amemshika mikono: hakuna kugusa. Hakuna kupangusa, kukung'uta wala kupuliza.

Kwa fundi viatu na wale wengine hilo halikuwa sharti la kumtoa mtu jasho. Kwa Mama Bluu lilikuwa adhabu. Uwanja wake ulipakana na njia ya watu wote, na ua wake ulikuwa mfupi, unafika kiunoni. Saa nne upepo ulipogeuka, ukaanza kuvuka mabati kama kawaida yake, na yeye akiwa kwenye karo akaliona shuka linavyobadilika. Mchana lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyomwagiwa chai. Jioni lilikuwa na rangi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona kwenye uwanja ule.

Muuza maji alipita na mkokoteni wake, akasimama kabisa. "Mama Bluu! Leo umefulia majivu?"

"Nimefulia maji uliyoniuzia jana!"

Watu waliokuwa njiani wakaangua kicheko, muuza maji akaondoka anatikisa kichwa. Lakini baada yake walipita wengine, na si wote waliosema. Waliotazama tu na kunong'ona ndio waliomchoma. Wifi alimwona anazunguka lile shuka, kitambaa kibichi mkononi.

"Mikono!"

"Nilikuwa naangalia tu."

"Angalia kwa macho. Kitambaa hicho kilete huku." Wifi akakichukua, akakikalia.

Jumatano saa tano alikuja mwenye gesti kubwa, kwa gari lake, na furushi la mashuka arobaini kwenye kiti cha nyuma. Huyu alikuwa nusu ya kazi yote ya Mama Bluu. Alikuwa mwanamke mnene, nadhifu, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo, na gestini kwake nako kulikuwa na shuka la kipimo. Alishuka akiwa na bashasha. Bashasha ikaishia getini.

"Hili ndilo la kwako?"

"Ndilo."

"La kwangu limekaa jeupe mpaka leo. Yote si ulifua wewe, siku moja?" Akavaa miwani, akasogea. "Hebu nione kama ni vumbi au ni doa ulilolishindwa."

Akanyoosha kidole kukwaruza. Mama Bluu alikuwa ng'ambo ya karo. Namna alivyofika hakuna ajuaye, wifi anaapa kwamba aliruka. Aliudaka mkono wa mteja wake mkubwa hewani, kwa vidole vyake vyenye povu, akaushikilia.

"Samahani, dada. Haliguswi."

Mwenye gesti aliutazama mkono wake, povu likishuka mpaka kwenye saa. "Umenishika?"

"Nimekushika. Ukiweka kidole hapo, kazi yote imeharibika."

"Basi ni vumbi kweli." Akajitoa, akarudi hatua moja, na hapo akili yake ikafika mahali Mama Bluu alipokuwa anapaogopa tangu Jumatatu. Alitazama kamba tisa. Alitazama mabati. "Na mashuka yangu huwa yanaanikwa hapa hapa? Kwenye hewa hii? Wageni wangu wanalalia haya?"

Ilikuwa rahisi kusema uongo. Angeweza kusema ni la leo tu, ni upepo wa siku mbili hizi, kesho utatulia. Lakini Ijumaa atakaa mbele ya Injinia aseme ni la kila siku. Hawezi kuwa na vumbi kwa Injinia na akose vumbi kwa mteja. Akapiga moyo konde.

"Ni hewa hii hii, miezi minane. Ndiyo maana nayafua mara mbili. Naanika alfajiri, naanua kabla ya saa nne, lililochelewa linarudi kwenye karo. Sasa nijibu wewe, dada yangu: katika miezi minane nimewahi kukuletea shuka lenye vumbi? Hata moja?"

Mwenye gesti alitafuta kweli, ilionekana usoni anavyotafuta, na hakupata. Lakini wala hakulishusha furushi. "Nitafikiri," alisema, akaondoka nalo.

Gari lilipokata kona, wifi hakutania. Aliinuka, akampa Mama Bluu kile kitambaa alichokikalia. "Ukitaka kufuta, futa. Mimi sitasema."

Mama Bluu alikishika kidogo. Akalitazama lile shuka la aibu, limelala chini ya mbingu kama linalomwumbua kwa makusudi. Kisha akakitumbukiza kitambaa kwenye karo, akaendelea kufua taulo. "Limeshanigharimu mashuka arobaini," alisema. "Sasa litakaa mpaka limalize kusema."

Alhamisi nayo ikapita. Jioni mpimaji alikuja na nyapara, mtu mrefu asiye na maneno mengi, wakaanua mashuka yote kwa kuyakunja pembe kwa ndani kama anavyofungwa mtoto mchanga. Ijumaa asubuhi, kwenye chumba cha vipimo, mpimaji akasema anataka yasuuzwe na mtu anayejua kutoa kitu kwenye nguo kisibaki, na nyapara asimame aone. Mabeseni sita mapya, maji yaliyochujwa, kipimo sawa.

"Sabuni iko wapi?" Mama Bluu aliuliza.

"Hakuna sabuni."

"Bila sabuni?"

"Bila sabuni, bila bluu. Sabuni nayo ina uzito."

Mama Bluu alishusha pumzi kama mpishi aliyeambiwa apike bila moto, akakunja mikono ya gauni. Alisuuza kwa kukamua, kukamua, kukamua, kila shuka mara ile ile, mpaka nyapara mwenyewe akasema kwa mshangao kwamba hakujua kufua ni kazi ya mabega. Maji yakapitishwa kwenye karatasi nyeupe za duara, karatasi zikakaushwa, zikapimwa. Mpimaji akaziandika namba, na hakumwambia mtu.

Saa kumi kamili walikuwa ndani ya ofisi ya ujenzi, kontena lenye feni moja na michoro iliyobandikwa ukutani. Injinia alikuwa mtu wa makamo mwenye tumbo na macho mepesi. Walikuwepo nyapara, mwalimu wa chekechea, fundi viatu, muuguzi wa zahanati. Mwenye gesti aliingia wa mwisho, akakaa karibu na mlango, hakumtazama Mama Bluu.

"Kwa hiyo ndiye wewe mama uliyeosha kipimo changu," alianza Injinia, na watu wakacheka.

"Ndiye mimi. Mara thelathini, na kama ungeniachia siku sitini ningeliosha mara sitini. Ukiniachia hiyo kofia yako nayo utaikuta nyeupe."

Injinia aliivua kofia, akaiangalia, akaiweka chini ya meza. Watu wakacheka tena, safari hii si yeye Mama Bluu aliyechekwa.

Mpimaji alisimama. Hakueleza mengi. Alibandika ukutani karatasi tano za duara, na chini ya kila moja akaandika namba mbili, ya bakuli na ya shuka, zote kwa siku moja, kwa kipande cha ukubwa mmoja, manyoya ya shuka la kabatini yakiwa yametolewa. Chekechea, bakuli tisini na sita, shuka mia na moja. Fundi viatu, mia na hamsini, mia na arobaini na tatu. Zahanati, sabini, sabini na nne. Gesti, arobaini na moja, arobaini na nne. Karatasi yake ilikuwa karibu nyeupe. Kisha akabandika ya Mama Bluu, na mwalimu wa chekechea akasema "Ee!" bila kukusudia. Ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Bakuli nne. Shuka mia tatu thelathini na nane.

"Shuka si kipimo rasmi," alisema Injinia, lakini alikuwa ameshainuka na kwenda ukutani.

"Si rasmi," alikubali mpimaji. "Nimeandika hivyo ukurasa wa kwanza. Nimeandika pia kosa langu."

Injinia alipitisha kidole kwenye zile jozi nne, akarudi mwanzo, akapitisha tena. "Ningetaka kubisha," alisema mwishowe, "ningeanza na hizi nne. Shuka na bakuli yasingepatana, ningewafukuza wote humu ndani. Lakini yamepatana mara nne. Anayekubaliana na bakuli mara nne hawezi kuanza wazimu mara ya tano." Akamgeukia nyapara. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Walitia kitu?"

"Hata sabuni hawakutia, bosi. Mama alitaka kulia."

Injinia alikwenda kwenye mchoro mkubwa. Mtambo ulikuwa umechorwa mraba wa bluu pembeni mwa uwanja wa Mama Bluu. Alichukua kalamu nyekundu, akaukata mraba huo kwa mistari miwili, akauchora upya upande wa maghala. "Tutatoboa mlango kule. Wiki mbili zangu zimekwenda," alinung'unika. "Na upande huu njia imwagiwe maji kabla ya saa nne, si mchana. Hapo tayari ni mia tatu bila mtambo. Sikujua."

"Wala mimi sikujua," alisema mwenye gesti kutoka mlangoni, na safari hii alikuwa anamtazama Mama Bluu. "Miezi minane." Akafungua mkoba, akatoa ufunguo wa gari, akamrushia nyapara. "Kijana, kuna furushi nyuma. Lipeleke kwa huyu mama. Sasa ni themanini, wiki mbili hizi nitakuwa na wageni wengi."

Mama Bluu alitaka kusema neno zuri, lakini neno lililomtoka ni, "Yenye madoa ya wino umeyatenga?"

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, lori refu lililobeba mtambo likaingia kwenye njia ya uwanja wake, likanguruma mpaka nyuma ya kamba tisa, likasimama kwenye mabati. Dereva aliteremka na karatasi mkononi, ule mchoro wa zamani, akaanza kutafuta mlango. Mama Bluu alitoka na mikono yake mibichi, akasimama mbele ya bampa.

"Umepotea, baba."

"Mama, mimi nina mchoro."

"Huo umekufa Ijumaa. Piga simu kwa Injinia, mwulize."

Dereva akapiga. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema sawa, akakuna shingo. Akatazama nyuma: njia nyembamba, nguzo ya umeme kushoto, ua wa watu kulia, na lori lenye urefu wa nyumba tatu. "Sasa hapa nitageuzaje?"

"Hugeuzi. Unarudi kinyumenyume. Panda."

Akapanda. Mama Bluu akaenda nyuma ya lori, mahali anapoonekana kwenye kioo, akainua mikono yote miwili juu, rangi ya bluu kwenye kucha zake ikionekana hadi kule kwa dereva.

"Njoo! Njoo, njoo... kata kushoto kidogo. Kidogo nimesema! Nyoosha. Njoo hivyo hivyo, usiogope, nakuona. Njoo!"